Mafuta ya breki yakipungua, yamekwenda wapi?

(Haya niliyasema Jumapili asubuhi Machomanne, Chake Chake, Pemba, mbele ya madereva na matingo na vijana wanaojifunza ufundi. Kijana mmoja alirikodi kwa simu, nami nimeyaandika karibu vile vile yalivotoka, nimepunguza tu kelele za gari na pale nilipokatizwa na muuza kahawa.)

Assalaam alaykum jamani. Sogeeni huku kivulini, maneno yangu leo marefu na jua lishapanda.

Naanza na suala moja. Nani kati yenu ana chupa ya mafuta ya breki chini ya siti? Nyoosheni mikono bila haya. Mmoja, wawili... naona saba, na wengine wanatazama chini. Sasa nyie saba, ile chupa mnaibebea nini? Maana gari hainywi mafuta ya breki. Mafuta ya injini sawa, injini ikichoka inaunguza, utaona moshi utaongeza, ndo uzee wenyewe. Ya breki yamefungiwa, yanatoka kwenye kikopo yanaingia masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, yanakwenda kwenye matairi yanasukuma yanarudi, basi, hayana pengine pa kwenda. Kitu kimoja tu cha halali kinachoyashusha, ni pedi, vile vibao vinavobana diski, zikilika, pistoni inatoka nje zaidi na mafuta yanabaki kule nyuma yake, lakini hiyo inakwenda taratibu, miezi, na siku ukiweka pedi mpya yanapanda yenyewe. Wewe unaongeza kifuniko kizima kila Ijumaa, hiyo si pedi. Hiyo ipo pahala inamwagika na wewe hujapaona.

Mie sisemi haya kwa sababu nimezaliwa fundi. Kabla ya gereji nilikua dereva, naendesha pikapu ya mzee mmoja, Toyota ya zamani, gia za mkono, busta (lile bakuli linaloongezea mguu nguvu kwenye breki) imechoka. Gari ile ilikua inabeba samaki na barafu, na mnajua barafu ikiyayuka yale maji ya chumvi yanapita kwenye ubao wa nyuma yanadondokea chasisi na eksili, siku nenda rudi, hakuna anaeosha chini, tunaosha kioo na bodi ing'are. Nikawa naongeza mafuta ya breki. Kidogo tu. Nikimwambia mzee ananambia "si yapo dukani, ongeza". Nami naongeza.

Msimu wa karafuu mmoja natoka Mtambile nina magunia na watu wanne juu, nashuka Mkoani ule mteremko wa kwendea bandarini. Nyote mnaujua. Nakanyaga, pedeli inakwenda tu, kama umekanyaga matope. Nikainua mguu. Hapo ndo kosa langu nitakueleza baadae kwa nini. Nikavuta handbreki ikalia ikanuka haikushika sana, nikatia gia ya pili gari ikanguruma, nikaona mbele yangu kuna mama na watoto watatu wa skuli, nikaiegemeza ubavu kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto mpaka ikasimama. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Gunia mbili zilipasuka, karafuu zikamwagika barabarani na watoto wale wale ndo walionisaidia kuzizoa. Nilipoingia chini ya gari nikaona: lile paipu la chuma linalopita juu ya eksili ya nyuma, pale lilipobanwa na klipu, limeliwa na kutu mpaka likawa jembamba kama ganda la yai, na mguu wangu mmoja wa nguvu ukalimaliza. Wiki ngapi lilikua likilia machozi pale, nami naongeza.

Sasa kosa langu. Gari nyingi mnazoendesha masta silinda yake ina vyumba viwili, kimoja kinapeleka mbele kingine nyuma, na gari ndogo za kuvuta mbele nyingi zinagawa kimshazari, mbele kulia na nyuma kushoto, mbele kushoto na nyuma kulia. Maana yake paipu moja likikatika nusu ya breki bado ipo. Lakini ipo chini! Pedeli inashuka karibu na sakafu kabla hujaipata, na inataka nguvu. Mie nilidhani zote zimekwisha nikaachia, kumbe ya mbele ilikua inaningojea pale chini. Kwa hivo ikikukuta, kanyaga mpaka mwisho na ubonyeze kwa nguvu zako zote, ukikosa, pampu haraka haraka, huku unashusha gia, na handbreki unaivuta umekishika kile kidude cha kubonyeza ili uweze kuachia gari ikianza kuserereka. Gia otomatiki tia L. Na usizime injini, ukizima busta inakwisha msaada na usukani unakua mzito, na ukichomoa funguo usukani utajifunga kabisa. Land Rover za zamani sana zile zenye njia moja tu, hizo zikikatika zimekatika, mwenye nayo anajua.

Haya, tutafute uvujo.

Kwanza ukiona unyevu chini ya gari usiseme "breki" mara moja. Inaweza kua maji ya eyasii (kipoza hewa), mafuta ya injini, dizeli, au ya difu, zile gia za katikati ya eksili. Watu wanatia kidole wanakinusa wanabishana nusu saa. Mie nina njia yangu, leteni hicho kikombe cha maji. Angalieni, hapa nadondosha mafuta ya injini, tone moja. Yameelea, yametanda juu kama rangi rangi. Sasa kikombe hiki cha pili natia ya breki. Mnaona? Yanashuka yanajichanganya kama umetia asali, ukikoroga yamepotea. Mafuta ya breki ya kawaida yanachanganyika na maji, mafuta mengine yote ya gari yanaelea. Sasa ringi ya nyuma ikilowa, na hiyo inasumbua watu kweli maana ya difu nayo yanatokea hapo hapo yakipita sili ya eksili, futa kwa kitambaa cheupe kamulia kwenye maji uone. Ya difu pia yana harufu yake nzito ukiinusa mara moja huisahau.

Pili, osha gari chini. Kwenye gari lenye tope na girisi ya miaka kumi huwezi kuona uvujo mpya. Osha, acha ikauke, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya kila tairi na chini ya injini, ilaze usiku. Asubuhi boksi litakuonesha, lakini si mara zote, kwa sababu kuna uvujo unaotoka pale tu breki inapokanyagwa. Ndo maana unahitaji mwenzako. Yeye akae ndani, injini inawaka, akanyage kwa nguvu ashikilie dakika nzima, wewe unapita na tochi unafuata njia ya mafuta toka kwenye kikopo mpaka tairi la mwisho. Gari ukilinyanyua liweke kwenye stendi au gogo la maana, si jeki peke yake, hilo nimeshasema mara ngapi.

Unapita wapi? Kila paipu linapoungana. Kila klipu, khasa juu ya eksili ya nyuma na pale tope linapojikusanya, sisi visiwani chumvi ipo kwenye upepo wenyewe usidhani mpaka ubebe samaki. Ile mipira inayokwenda kwenye matairi ya mbele, pindisha uone kama ina nyufa, na usukani uzungushe mwisho kulia mwisho kushoto uone kama inakwaruza. Upande wa ndani wa tairi, siyo wa nje, ukiona mistari imeteremka kwenye tairi kutokea kwenye ngoma basi wili silinda hiyo, ile silinda ndogo ndani ya ngoma inayosukuma shuu za breki. Fungua ngoma, fungua ule mpira wa vumbi wa wili silinda kwa ncha ya bisibisi taratibu. Ukikuta unyevu kidogo kama jasho hapo ndani, ishaanza. Ukikuta yanachuruzika, ishakwisha siku nyingi.

Kwenye Hiace na pikapu kuna kitu kingine wengi wanakisahau, ile valvu ya nyuma yenye mkono umeungwa na eksili, inayopima mzigo ili ikupunguzie au ikuongezee breki ya nyuma. Inakaa mahali pachafu kuliko pote, ikivuja hakuna anaeiangalia. Iangalieni.

Sasa gumu. Gari mafuta yanapungua na chini kukavu, matairi makavu, paipu kavu. Nililetewa Escudo moja hivo, mwenyewe kazunguka kwa mafundi akauziwa wili silinda mbili za bure. Mafundi wote walitazama chini, hakuna alietazama juu. Pale masta silinda inapokutana na busta, rangi ya busta ilikua imebabuka kama ngozi ya mtu alieungua, mstari unashuka. Nikalegeza nati mbili, nikaivuta masta mbele kidogo bila kufungua paipu, ndani ya busta kumelowa. Mafuta yalikua yanapita sili ya nyuma ya masta yanaingia kwenye busta, na injini inayavuta kupitia ule mpira wa upepo inayaunguza. Nikamuuliza "asubuhi ukiwasha hutoi moshi mweupe?" Akasema "unatoka, nilidhani baridi". Baridi Pemba!

Na kuna uvujo ambao hautoi hata tone nje wala haupunguzi mafuta kwenye kikopo. Ukisimama kwenye mteremko umekanyaga, pedeli inazama polepole, polepole, mpaka chini, ukiinua ukakanyaga tena iko juu. Hiyo mipira ya ndani ya masta imechoka, mafuta yanarudi upande wa pili. Kutofautisha: breki laini kama sponji ambayo ukipampu inapanda, hiyo ni upepo ndani ya paipu. Breki ya chini lakini ngumu, ukipampu mara mbili inapanda, angalia shuu za nyuma zimelika au hazijaseti. Inayozama ukiwa umeshikilia bila uvujo wa nje, masta.

Sasa niseme kitu na mnisamehe. Kuna huu mchezo wa kubana mguu. Wili silinda inavuja, spea haipo Chake, mpaka itoke Unguja na boti, abiria wanangoja, fundi anachukua pulaizi anakunja paipu la tairi lile analigonga kwa nyundo linaziba. "Nenda, utarudi." Harudi! Nimefungua gari zimebanwa miguu miwili. Gari iliobanwa mguu ukikanyaga breki kwa ghafla inavuta upande mmoja, na mvua za masika kwenye lami inayoteleza itakugeuza ukatazame ulikotoka. Najua mnavotafuta riziki, mie pia natafuta, lakini mie nikibaniwa gari langu silipandi. Afadhali lilale siku mbili.

(Hapa palikua na kelele kidogo, dereva mmoja akasema fundi mwenyewe hana marejesho ya bosi kila jioni. Ni kweli sina. Nikaendelea.)

Kutengeneza. Wili silinda ukiifungua, toa pistoni na mipira, futa ndani, pitisha ncha ya kucha. Kucha ikikwama kwenye tobo tobo za kutu, usinunue ripea kiti (ile pakiti ya mipira peke yake), nunua silinda nzima, kwa sababu mpira mpya ukiuburuza juu ya kutu unakatika mwezi huo huo. Ikiwa laini kabisa weka mipira mipya, na fanya pande zote mbili, hizi zimezaliwa pamoja. Kuosha tumia spiriti au mafuta ya breki mapya. SIYO PETROLI, siyo dizeli, na usipake girisi ya beringi kwenye mipira. Mpira wa breki umetengenezwa ukae na mafuta ya breki, ukikutana na mafuta ya aina ya petroli unavimba. Gari moja kijana alikosa ya breki njiani akamimina ya injini, akafika kwao salama akafurahi, siku ya pili breki zimeshika hazijiachii, mpaka mpira wa kifuniko cha kikopo umevimba haufungi. Tulibadilisha kila mpira kwenye gari ile, masta, kalipa (inayobana pedi kwenye diski), wili silinda, hozi, na paipu tukasafisha moja moja. Kuliko hivo angeomba lifti.

Shuu zilizokunywa mafuta tupeni. Najua mnazipiga msasa mnazichoma moto. Zinashika siku tatu kisha zikipata joto mafuta yanatoka ndani kwa ndani. Na vumbi la ngoma usilipulize na kompresa, shuu za zamani zilikua na asibesto, lowesha na maji ufute.

Paipu la chuma likiliwa halichomelewi, haliungwi kwa mpira na klemu. Mguu wa mtu mzima kwenye breki ya nguvu unaweza kupitisha psi 1,000 humo ndani, tairi lako lina 30 tu, fikiria mwenyewe. Wala usinipe paipu la shaba la friji, linakubali kupinda vizuri ndo maana mafundi wanalipenda, lakini gari inatikisika na shaba inakua ngumu kidogo kidogo mpaka inapasuka. Nunua paipu la breki lenyewe, la 4.75 milimita kwa hizi gari nyingi, na mdomo wake ukunjwe mara mbili kwa mashine yake. Mdomo wa mara moja kama wa friji unapasuka. Tia nati KABLA hujakunja mdomo, msicheke, kila mmoja wenu atasahau siku moja. Na washa, vile vipete vya shaba vya kwenye hozi za kalipa weka mpya kila ukifungua.

Mafuta: angalia kifuniko kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye digrii 205, ikishanyonya maji inashuka inachemka kwenye 140. DOT 4 ni 230 na 155. Haya mafuta yanakunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu mnaijua, chumvi ya mezani yenyewe inalowa. Kwa hivo ile chupa ilokaa chini ya siti kifuniko nusu toka mwaka jana ishanyonya maji, si dawa tena. Ukichemsha breki kwenye mteremko maji yale yanakua mvuke, na mvuke unabanika, pedeli inakwenda chini bila hata paipu kukatika. DOT 3 na 4 ukichanganya hakuna neno. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizi. Yakiwa meusi kama kahawa ya huyu bwana hapa, yatoe yote.

Mwisho kutoa upepo. Kikopo kijazwe na mtu akikodolee macho, kikikauka unaanza upya. Gari zetu dereva kulia, masta iko kulia, kwa hivo zile zilizogawa mbele na nyuma anza tairi la mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Zilizogawa kimshazari fuata kitabu chake. Mpira mweupe unaoonesha utie kwenye nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, ncha nyengine izame ndani ya chupa tupu ya maji ilotiwa mafuta ya breki kidogo. Wa ndani anapampu tatu taratibu anashikilia anasema "nimekaza!", wa nje anafungua robo mzunguko, mapovu yanatoka yanakwenda kama soda, anafunga, ANAFUNGA, ndo anasema "achia". Ukiachia kabla hajafunga umenyonya upepo uliokua unautoa. Na chini ya pedeli weka kipande cha ubao, usimwache apige mpaka sakafuni, masta ya zamani pale mwisho hapajafikiwa na mpira miaka, pana kutu, utakata mipira mizima kwa kutoa upepo tu. Nipo ikigoma usiitwange na spana ya mdomo wazi, tia spana ya duara, WD-40, igonge gonge kidogo pembeni, subiri. Ikikatika ndani utanitafuta. Yalotoka usiyarudishe kwenye kikopo. Yakimwagika kwenye rangi mwaga maji hapo hapo.

Halafu injini imezimwa kanyaga mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, shikilia dakika moja, isishuke. Washa ukiwa umeshikilia, itashuka kidogo kama inapumua kisha isimame, hiyo ni busta inafanya kazi. Zunguka uwanjani polepole, kisha lile boksi jipya chini, usiku mmoja tena.

Masuala tujibu huku tunafanya. Hiace ile ya njia ya Konde naambiwa imebanwa mguu, mwenyewe yupo hapa na ameridhia. Ilete hapa, tieni mawe matairi ya mbele, na nyie wawili njooni na spana namba kumi.